Zamu ya Pendo

Swali lililoninyima usingizi mwaka ule liliulizwa na mtoto wa miaka tisa aliyekuwa anatafuna andazi. Aliitwa Imani. Tulikuwa tumekaa kwenye zulia, katika chumba cha kupigia pasi cha nyumba yao, Riyadh, Ijumaa asubuhi, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kueleza, kwa maneno niliyoyaandaa wiki nzima, kwamba Yesu alikufa ili tusamehewe. Imani alimeza, akajifuta sukari mdomoni, akataka kujua: kama Mungu anaweza kusamehe, kwa nini asisamehe tu? Kwa nini mpaka mtu aumie kwanza? Nilimwambia ni swali zuri, kama wanavyosema watu wasio na jibu. Wiki mbili baadaye nilikuwa bado nalala chali kitandani kwangu, mtaa wa Al-Shumaisi, nikisikiliza kiyoyozi kikinguruma na kunyamaza, na kunguruma tena, huku nikilijibu swali lile kwa namna kumi na moja na kuzikataa zote.

Nimelikumbuka kwa sababu mwezi uliopita tulimzika mama yake Imani, kwao Machakos. Baada ya mazishi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiwa na sahani ya pilau niliyoshindwa kuila, na kaka yake Imani, Joshua, ambaye sasa ni kijana wa chuo kikuu aliyenizidi kimo, akaja akachuchumaa kando yangu. Aliuliza kwa sauti ya chini kama ile zamu niliwahi kuisahau. Nikasema hapana. Akasema hata yeye, kisha akainuka kwenda kuwagawia wageni soda. Nilimwangalia akipita kati ya viti, na Machakos yote, na migomba yake na watu wake waliovaa makoti, ikaanza kufifia machoni pangu kama kitambaa kilichoanikwa juani siku nyingi, na nyuma yake nikaona lile pazia la njano.

Pazia lilikuwa la chumba cha kupigia pasi. Jua la Riyadh likipita ndani yake, kila kitu chumbani kilikuwa na rangi ya asali: meza ya pasi iliyokunjwa ukutani, sare za uuguzi zilizoning'inia kwenye kamba, nyuso za watoto saba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na shahada ya famasia ambayo bado ilikuwa inanukia wino, na mkataba wa miaka miwili katika duka la dawa la hospitali moja mjini. Nilikuwa mtu wa kusoma lebo mara tatu. Nikishampa mgonjwa dawa yake na kumwona anaondoka, nilikuwa naweza kumfuata hadi kwenye lifti kumuuliza tena anaitwa nani. Mama Joshua, aliyekuwa muuguzi mkuu wa wodi katika hospitali hiyohiyo, aliniona siku moja nikimkimbilia mzee mmoja wa watu na chupa yake ya dawa ya kikohozi, akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini ndiye aliyenikaribisha nyumbani kwake. Familia mbili tatu za Wakenya na Watanzania zilikuwa zinakutana pale siku za Ijumaa kusali, kwa kuwa Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko, na tuliimba mapazia yakiwa yamefungwa, kwa kuwa ibada ya Kikristo haikuruhusiwa hadharani, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Mji wenyewe ulikuwa unabadilika mwaka ule. Majumba ya sinema yalikuwa yanafunguliwa, wanawake walikuwa wanajifunza kuendesha magari, na watu walizungumzia mambo hayo kwa uangalifu, kana kwamba wakipaza sauti yangeahirishwa. Sisi tuliendelea kuimba chinichini. Watoto wetu walidhani nyimbo za Mungu duniani kote huimbwa kwa kunong'ona.

"Eliya," Mama Joshua aliniambia Ijumaa ya pili au ya tatu, "wewe huna bibi, huna mtoto, na umesoma. Si uchukue hawa watoto? Wamenimaliza kichwa."

Ndivyo nilivyopata darasa. Nilipewa chumba, zulia, na nusu saa, na kila Ijumaa, katikati ya nusu saa hiyo, mlango ulisukumwa kwa goti na Nekesa akaingia na sinia la maandazi na chai. Nekesa alikuwa msaidizi wa nyumba ile, mwanamke wa miaka thelathini na kitu kutoka Bungoma, na Baba Joshua ndiye aliyekuwa kafili wake, maana yake kibali chake cha kuishi nchini, ile ikama, kilisimama kwa jina la Baba Joshua. Alipenda kunitania kuhusu jambo hilo. Alisema ikama yake iko kwenye droo moja na Biblia ya bosi, sasa atorokee wapi, akifungua droo atakuta kwanza Amri Kumi. Kila mara aliketi kidogo mlangoni, akisikiliza somo, kisha akatoa hukumu yake. Siku ya swali la Imani alisema, "Mwalimu, hapo umeshikwa," akachukua sinia lake akaenda zake.

Sasa, katika kazi yangu, dozi ya mtoto haikadiriwi kwa macho. Unampima uzito, unapiga hesabu, unairudia, unamwita mwenzako aihakikishe. Nilikuja kuamini kwamba shida ya somo langu ilikuwa dozi. Msalaba, damu, baba anayemtoa mwanawe: yote yalikuwa makali mno, na mwanakondoo hawakumjua ila yule wa kwenye mfuko, dukani. Basi nikatunga hadithi. Ilikuwa shule moja, na shule ile ilikuwa na sheria kwamba anayevunja kitu husimama juani uwanjani mpaka kengele ya saa sita. Siku moja dirisha kubwa likavunjika. Hakuna aliyekiri. Mwalimu akasema basi darasa zima litasimama. Hapo mwanafunzi mmoja ambaye hakuwa amefanya kosa lolote akainuka, akatoka peke yake, akasimama juani kwa niaba ya wote, na hakumtaja aliyevunja, si siku ile wala siku nyingine. Kengele ilipolia, dirisha lilisahauliwa na wote wakawa huru. Niliisimulia kwa dakika saba. Niliacha nje mambo mengi. Niliacha bustani ambamo Yesu aliogopa, akatokwa na jasho, akaomba kama inawezekana aepushwe, na akajibiwa kwa ukimya, na akakubali. Sehemu hiyo ilinitisha mimi mwenyewe. Niliona haitakaa kwenye tumbo la mtoto. Nakumbuka macho yao ya rangi ya asali yalivyonitazama nilipomaliza, na vumbi likielea kwenye mwanga kama vile nalo lilikuwa linasikiliza. Imani aliitikia kwa kichwa polepole. Joshua, aliyekuwa na miaka kumi na aliyejiona kiongozi wa wote, alisema hiyo sasa ameielewa. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi wa mtu aliyepona.

Laiti ningeishia hapo. Lakini mimi si mtu wa kuishia mahali. Niliona hadithi bila vitendo itayeyuka, na siku chache baadaye, nikiwa kazini, nikiitazama ratiba ya zamu iliyobandikwa nyuma ya mlango wetu wa famasia, nikapata wazo ambalo nililiona limetoka mbinguni. Nyumba zile zote ziliishi kwa ratiba ya zamu. Mama akiwa mchana, baba usiku. Sahani ya mtu imefunikwa kwenye jiko, ujumbe kwenye friji. Nikachukua karatasi kubwa, nikaandika majina saba kwa mwandiko nadhifu kama wa kompyuta, Ijumaa zote hadi mwisho wa mwaka, nikapaka miraba rangi. Mtoto wa zamu, kwa wiki ile, ndiye angekuwa kama yule mwanafunzi: angewaachia wengine andazi la mwisho, angekusanya vikombe, angemwacha mwenzake achague wimbo. Niliibandika kwenye mlango wa kabati. Wazazi waliifurahia kupita kiasi. Mama Joshua aliipiga picha akawatumia dada zake.

Kitu ambacho sikukifikiria, mimi ninayefikiria kila kitu, ni kwamba watoto wa wauguzi hawajui ratiba bila kubadilishana. Tangu wakiwa tumboni walisikia mama zao wakisema kwenye simu: nichukulie Jumatano yangu, nitakulipa Jumapili; nishikie hii moja tu, mtoto ana homa. Kwao zamu ni kitu kinachohamishika. Ndani ya mwezi mmoja walikuwa wanauziana zamu kwa vibandiko, kwa zamu ya kukaa dirishani kwenye gari, kwa ahadi ya kupelekwa sinema siku baba atakapokubali. Na kama maji yanavyotafuta bonde, zamu zote zilitelemka taratibu hadi kwa mtoto mmoja. Pendo alikuwa na miaka sita. Mama yake, Sista Grace, muuguzi na Mtanzania mwenzangu, aliishi peke yake na binti yake, na siku alizokuwa kazini, ambazo zilikuwa nyingi, Pendo alikaa kwa Mama Joshua. Alikuwa mdogo kuliko wote, alikuwa mgeni katika nyumba ya wengine, na alikuwa na desturi ya kusema sawa kabla hujamaliza sentensi. Mimi nilichoona ni kwamba kila Ijumaa Pendo ndiye aliyekusanya vikombe. Vidole vyake vilikuwa vifupi, alivibeba viwiliviwili akivikumbatia kifuani. Niliguswa. Nilidhani hadithi imemwingia moyoni. Siku moja nilimsifu mbele ya wenzake, nikasema tazameni, huyu ameelewa. Watoto wengine waliangaliana. Kati ya yote ya mwaka ule, hiyo ndiyo dakika ambayo bado huniamsha.

Kiangazi kikaingia, shule zikafungwa, na joto likaukalia mji kama mtu mnene aliyekalia mkeka. Wiki moja kabla ya Sikukuu ya Kuchinja, siku yangu ya mapumziko, nilimpelekea Imani dawa ya kikohozi. Nekesa alinifungulia akiwa na unga hadi kwenye viwiko, feni ya jikoni ikipiga kelele nyuma yake. Aliniambia watoto wako chumbani na leo wametulia, hata yeye anashangaa, labda somo langu limeanza kufanya kazi. Nilipita sebuleni. Pazia la mlango wa kibaraza lilikuwa limefungwa na nyuma yake kulikuwa na kivuli kifupi, kimenyooka. Nilidhani ni nguo iliyoanikwa. Nilipita hatua mbili, kisha nikarudi, kwa sababu kivuli kilikuwa kimevaa kandambili.

Komeo la mlango lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nilipolifungua, joto lilinipiga usoni kama mfuniko wa chungu. Pendo alikuwa amesimama katikati ya kibaraza, mikono imebanwa ubavuni. Midomo ilikuwa imekauka na uso haukuwa na tone la jasho, na mimi nilijua maana yake: mwili umeishiwa maji. Nikamuuliza anafanya nini huku.

"Niko zamu, anko," alisema. Halafu akauliza, kwa adabu, kama adhana ya adhuhuri imeshalia. Kisha magoti yakamwacha.

Nilimbeba. Nekesa alikuja mbio, na ni yeye aliyevua kitenge chake akakichovya kwenye ndoo na kumfunika nacho, ni yeye aliyemshika kichwa wakati mimi nikimpa maji yenye sukari na chumvi kwa kijiko, na ni yeye aliyekuwa anasema, tena na tena, mama yangu, mama yangu, fungua macho. Alitapika, akalia, na kilio kile kilikuwa sauti tamu kuliko zote nilizowahi kusikia. Baadaye mchana alilala, mwili umeshapoa, akipumua vizuri. Watoto wengine walikuwa wamejipanga ukutani. Nyuma ya Joshua, kwenye kitanda, niliiona kompyuta kibao ya baba yake ikiwa na kioo kilichopasuka pembe hadi pembe, nikaelewa yote: nani alivunja, nani alikuwa zamu, kwa nini walimhesabia hadi adhuhuri, na kwa nini hakuna ambaye angesema. Katika hadithi yangu aliyesimama juani hakumtaja mtu. Walikuwa wamejifunza neno kwa neno.

Mama Joshua aliporudi, yeye na Sista Grace wakiwa bado na sare, maswali yalianza. Mama Joshua alikuwa mwanamke mwenye huruma, nasema hivi nikiwa nimetoka kumzika, lakini alikuwa amewaona wengi walioletwa hospitali kutoka juani, na hofu yake ilitafuta mahali pa kutua. Mlango ulifungwa kwa ndani. Mtu mzima nyumbani alikuwa mmoja.

"Madam, mimi sikumfungia," Nekesa alisema.

"Kwani alijifungia?"

Nilikuwa nimesimama pale na kitambaa kilicholowa mkononi. Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, Sista Grace alinigeukia, akanishika mikono yote miwili, akaniambia Mungu ndiye aliyenileta, la sivyo mtoto wake asingekuwepo. Shukrani ile ilinifunga mdomo kuliko komeo. Nikasikia Baba Joshua, ambaye naye alikuwa amesharudi, akimwambia mkewe, kwa sauti ya uchovu, kwamba hakuna haja ya kugombana, sikukuu ikiisha ofisi zikifunguliwa atampatia karatasi ya kuondoka, arudi kwao, halas, yaishe. Nekesa hakulia. Aliokota kitenge chake kilicholowa sakafuni, akakikamua kwenye ndoo, akarudi jikoni kwa sababu unga ulikuwa bado kwenye beseni.

Ningependa kusema nilijiona mwovu. Sikujiona. Nilijiona nafikiri. Niliwaza kwamba nikisema, watoto wataadhibiwa kwa kosa la mwalimu wao. Niliwaza kwamba habari ya mtoto aliyewekwa juani kwa ajili ya somo la dini ikitoka nje, watu watatushangaa, na ibada yetu ndogo itavunjika. Niliwaza kwamba Nekesa alishawahi kusema amechoka na anatamani nyumbani, ingawa nilijua pia kwamba binti yake alikuwa kidato cha pili na ada yake ilitoka jikoni mle. Nilipanga sababu zangu kama chupa kwenye rafu, zote lebo zikitazama mbele. Zilipendeza sana. Na Salim, mwenzangu wa famasia, aliponialika kwao Jeddah kwa siku za sikukuu, nilikubali kabla hajamaliza kusema, kama Pendo.

Familia ya Salim ilikuwa ya Wazanzibari waliohamia Jeddah tangu mwaka sitini na nne. Nyumba yao ilikuwa na ngazi nyembamba na kuta zilizotoka jasho kwa unyevu wa bahari, na baada ya ukavu wa Riyadh nilihisi kama ninaishi ndani ya pumzi ya mtu. Mambo yote pale yalikwenda polepole, kama chini ya maji. Dada yake Rukia alikuwa amepata leseni ya gari wiki chache tu zilizopita, na alitupokea yeye mwenyewe, akiendesha kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai, huku mama yake, Bi Zuwena, akiwa kiti cha mbele anasoma dua kwa sauti na kumwuliza kila kwenye taa kama ana hakika nyekundu ndiyo ya kusimama. Hawakuniuliza dini yangu. Siku ya sikukuu nilikula bokoboko mpaka nikaona aibu, na wakaniongeza.

Nyama ilikuja kutoka machinjioni kwenye mifuko, na Bi Zuwena akakaa chini sebuleni na kisu na ubao, miguu imenyooka, akaanza kuigawa mafungu matatu: la nyumba, la majirani, la masikini. Wajukuu watatu walimzunguka. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa jikoni nikisubiri kupewa kazi. Alikuwa anawasimulia kisa cha Nabii Ibrahimu na mwanawe, kisa ambacho nasi tunacho, ingawa tunakisimulia kwa namna nyingine, na alikisimulia vibaya, kwa kukatakata, akisimama kulalamika kwamba mwaka huu wamempa mafuta matupu. Alifika pale baba anapomweleza mwanawe ndoto yake na kumuuliza anaonaje. Mjukuu mmoja akamkatiza: na angelikataa?

"Angelikataa, angelikataa," Bi Zuwena alisema bila kuinua macho. "Ndo maana kaulizwa. Asoulizwa hatoi kitu, huyo hunyang'anywa tu. Hebu shika mfuko huo, unadondosha damu kwenye zulia langu."

Akaendelea na kisa, akaendelea na mafuta. Mimi, kama mjinga, nikauliza kutoka mlangoni: na yule ambaye hakuulizwa, akanyang'anywa, na mwenye kunyang'anya amekaa kimya, inakuwaje? Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Akauliza kama nimenawa mikono. Nikasema ndiyo. Basi akanipa mifupa niitie kwenye mifuko.

Tulizunguka na Rukia alasiri yote kugawa fungu la masikini. Alisimamisha gari, nikapanda ngazi, nikagonga, mtu akapokea mfuko na kuomba baraka, nikashuka. Joto na chumvi na harufu ya nyama mbichi vilinilewesha. Kwenye kila ngazi nilimwona Pendo, mikono imebanwa ubavuni, na nikamwona Nekesa akikamua kitenge. Hakuna aliyewauliza. Nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba wokovu ni kumpata mtu wa kusimama juani badala yako, ukachagua asiyeweza kukataa. Nilikuwa nimeiacha bustani. Niliiacha kwa sababu ilikuwa kali, na kumbe ndiyo iliyokuwa dawa yenyewe, mengine yote yalikuwa maji na sukari: kwamba aliulizwa, kwamba aliogopa, kwamba njia ya kuondoka ilikuwa wazi na hakuipita. Hakuna aliyemsukuma nje na kufunga komeo. Na sasa, nikiwa na mfuko wa nyama mkononi mbele ya mlango wa mtu nisiyemjua, nilijua kwamba nilikuwa napanga kuokoka kwa mgongo wa mwanamke wa Bungoma, na kwamba hiyo si injili ya mtu yeyote.

Niliporudi garini nilimwambia Rukia naomba anipeleke kituo cha basi. Alidhani naumwa. Nikiwa kituoni nilimpigia simu Baba Joshua, nikamwomba kesho asubuhi awepo, na mkewe, na Sista Grace, na watoto, na Nekesa. Akauliza kuna nini. Nikasema nitasema nikifika, kwa kuwa nilijijua: nikiisema kwenye simu ningeisema kwa lebo nzuri. Basi likakata jangwa kwa saa nyingi, na dirishani milima ilikuja na kuondoka kama watu wanaopita mbele ya mlango ulio wazi. Mara tatu nilitunga hotuba na mara tatu nikaiacha.

Leo najua kilichofuata. Najua kwamba darasa lilichukuliwa na Mama Joshua mwenyewe na sikupewa tena, na ilikuwa haki. Sista Grace alipita mbele ya dirisha la famasia mwaka mzima bila kunisalimu. Nekesa alikaa miaka mitatu zaidi, kwa mshahara aliouzungumza upya yeye mwenyewe, mezani, siku ileile. Wakati ule sikujua hata kimoja. Nilijua tu kwamba lifti ya jengo lao ilikuwa mbovu na nilipanda ghorofa nne kwa miguu, na kwamba mlango ulifunguliwa na Imani, na sebuleni watu wazima walikuwa wamekaa na watoto wamesimama, na begi la Nekesa, jeusi, lilikuwa limeshafungwa na kuwekwa kando ya kabati la viatu. Mama Joshua alinionyesha kiti. Nilibaki nimesimama. Nilimtafuta Pendo kwa macho. Alikuwa nyuma ya gauni la mama yake, akinichungulia kwa jicho moja. Nikachuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa, nikamuuliza kama ananiruhusu niwaambie watu kuhusu zamu, nikamwambia akitaka anaweza kukataa. Alifikiri. Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akifikiri, na hakuna mtu mle ndani aliyemharakisha. Kisha akatikisa kichwa, ndiyo.

Nikainuka, nikawageukia wakubwa.

"Nekesa hakumfungia mtoto," nilisema. "Aliyempeleka juani ni mimi. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, nitawaonyesha jinsi nilivyofanya."